Mzinga wa Nyuki na Mzinga wa Vita: Historia ya Neno na Kitu katika Arua na Koboko

Utangulizi

Nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa shule moja ya sekondari karibu na Koboko nilipokuta mmoja wao ameandika kwamba babu yake ana "nyumba za nyuki" tano juu ya miti. Nikayapiga mstari maneno hayo kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika: "mizinga". Siku ya kurudisha madaftari mwanafunzi yule alisimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, babu hana mizinga. Babu hakuwa askari." Nikalitazama darasa. Hapana hata mmoja aliyecheka, maana wote waliona kwamba mwenzao amesema kweli.

Tangu siku hiyo nimelifikiri sana jambo hili. Watoto wale wanaijua nyumba ya nyuki kuliko mwalimu wao. Wameiona ikitengenezwa, wamekula asali yake, na pengine wameumwa na wakazi wake. Lakini neno la Kiswahili litajalo kitu hicho limewafikia likiwa na maana moja tu, nayo ni silaha. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kitu chenyewe, yaani desturi ya kumjengea kiumbe wa porini makao. Kisha historia ya neno. Na mwisho jinsi vitu hivi viwili vilivyopishana njia katika nchi ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Kumjengea kiumbe wa porini makao

Mfugaji wa ng'ombe hujenga zizi, akamwingiza mnyama wake, akafunga mlango. Mwenye mzinga hawezi kufanya hivyo. Nyuki si mali yake mpaka waamue wenyewe kuingia, nao wakiudhika huondoka bila kuaga. Kazi yake, basi, ni kutengeneza nyumba nzuri, kuiweka mahali panapofaa, na kungoja.

Walugbara wa Arua na Wakakwa wa Koboko wanaijua kazi hii tangu kale. Mizinga yao ya asili ni ya namna mbalimbali. Iko iliyochongwa kwa gogo lililotobolewa ndani. Iko iliyosukwa kwa fito au matete mfano wa tenga refu, ikakandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe ili upepo na mwanga visipenye. Wako pia watumiao vyungu. Umbo lolote liwalo, kanuni ni moja: ndani pawe na giza, pakavu na nafasi ya kutosha masega, na mlango uwe mdogo, ili nyuki waweze kuulinda.

Mzinga hutundikwa juu ya mti kwa sababu zilizo wazi. Chini kuna siafu; kuna nyegere, ambaye hupenda asali kuliko binadamu; na wakati wa kiangazi kuna moto wa nyika, ambao huteketeza majani makavu katika nchi ile kila mwaka. Aghalabu fundi hupaka nta ndani ya mzinga mpya, kwa kuwa harufu ya nta huwavuta nyuki. Kundi linapotafuta makao, nyuki wapelelezi hutangulia, wakaingia na kutoka, wakapima nyumba kwa namna yao. Ikiwapendeza, kundi zima hufuata. Isipowapendeza, mzinga hukaa mtupu, na mwenyewe hana wa kumshitaki.

Kurina hufanywa usiku, kwa mwenge wa nyasi na moshi. Mrinaji mwenye busara hukata masega ya asali iliyoiva akaacha yenye watoto wa nyuki, maana akimaliza yote amebomoa nyumba yake mwenyewe. Mithali yetu yasema, "Fuata nyuki ule asali." Mtu wa Arua angeweza kuongeza kwamba afadhali kumjengea nyuki nyumba, ili asikuchoshe kwa kumfuata.

Nyuki si kiumbe pekee anayetendewa hivyo. Msafiri apitaye vijijini mvua zinapoanza ataona vichuguu vimefunikwa kwa vijiti, nyasi na majani, mfano wa vibanda vidogo. Humo hunaswa kumbikumbi, ambao Walugbara huwaita onya. Mchwa wamejijengea nyumba wenyewe; binadamu huongeza paa na shimo, wakati mwingine na taa, ili kumbikumbi watokapo wamwangukie yeye badala ya kuruka na kuliwa na ndege. Kichuguu cha namna hii kina mwenyewe, na jirani hathubutu kukigusa.

Wala desturi hii si ya Afrika peke yake. Huko Uingereza matajiri wa karne ya 18 na ya 19 walipenda mno kuwinda mbweha kwa farasi na mbwa. Misitu ilikuwa imekatwa, na wenye mifugo waliwaua mbweha kwa sababu walikula kuku. Wawindaji walipoona mchezo wao uko hatarini, walipanda vichaka maalumu na kuchimba mapango ya bandia: chumba kikavu chini ya ardhi, na njia nyembamba ya mawe, matofali au mabomba ya udongo kutoka nje hadi ndani. Mbweha akaja, akazaa, akalea. Usiku wa kuamkia siku ya kuwinda, mtu maalumu alipita akiziba milango ya mapango wakati mbweha yuko nje, ili asubuhi asipate pa kukimbilia. Hata hivyo mbweha hawakutosha, na katika karne ya 19 wengine waliletwa kutoka bara la Ulaya wakauzwa London, katika soko la Leadenhall. Mchezo huo wa mbwa ulikatazwa na sheria huko Scotland mwaka 2002, na katika England na Wales mwaka 2005.

Ukilinganisha mapango hayo na mzinga, utaona kwamba ufundi unafanana, lakini mkataba ni tofauti. Wote wawili, Mwingereza na Mlugbara, walimjengea kiumbe asiyefugika nyumba ili wapate kitu kwake. Lakini mwenye pango la mbweha aliutaka uhai wa mpangaji wake, na siku ya siku alimfungia mlango. Mwenye mzinga hutaka kodi ya nyumba tu, na mlango hauzibi kamwe.

Asili ya neno

Sasa tuligeukie neno. Kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, huonyesha kwamba mzinga ni kitu kirefu cha mviringo chenye uwazi ndani, na kwamba hutumika kwa nyumba ya nyuki na kwa bunduki kubwa. Je, maana ipi ilitangulia?

Nadhani jibu si gumu. Waganda husema omuzinga, na Wanyarwanda na Warundi husema umuzinga, nao pia hukusudia nyumba ya nyuki. Lugha hizi ni jamaa za Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Neno linalopatikana kwa ndugu walioachana zamani hivi, tena likiwa na maana ile ile, halikosi kuwa urithi wa babu yao. Kwa upande mwingine, bunduki kubwa ni mgeni. Pwani yetu iliionja mapema karne ya 16, Wareno walipoishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Na tangu mwaka 1593, Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa Mombasa, midomo ya chuma ikawa inaitazama bahari kila siku. Mtu wa pwani aliyeona bomba nene lililolazwa, lenye tundu mbele na ngurumo ndani, alilipa jina la kitu alichokijua. Ikawa mzinga.

Kwa hiyo katika Kiswahili silaha ndiyo iliyoazima jina kwa nyuki, si nyuki walioazima kwa silaha. Mwenye lugha hapati tabu, kwa kuwa amezizoea maana zote mbili. Mtu wa Tabora, nchi iliyosifika kwa asali na nta tangu zamani, akisikia mzinga huenda akafikiri kwanza juu ya mti. Lakini lugha za Arua na Koboko hazimo katika ukoo wa Kibantu. Kilugbara ni cha jamii ya lugha za Sudani ya Kati, nacho Kikakwa ni cha Wanailoti wa Mashariki, karibu sana na Kibari. Hazikurithi neno hili. Wenyeji walikuwa na kitu na majina yao wenyewe ya kukiita. Neno mzinga lilikuja kwa njia ya Kiswahili. Yafaa basi tuulize ni nani aliyelileta, na kwa mlango gani.

Jinsi neno lilivyofika

Lilikuja kwa mlango wa kambi. Katika miaka ya 1880 Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la kusini kabisa la utawala wa Misri, alihamia Wadelai, kwenye ukingo wa mto Naili katika West Nile ya leo, akiwa na askari wake wa Kisudani. Aliondoka mwaka 1889 pamoja na Stanley, lakini askari wengi walibaki nyuma chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua wengi wao na kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza nchini Uganda. Wazao wao ndio Wanubi, wenye lugha yao ya Kinubi iliyotokana na Kiarabu, na hadi leo wapo Arua, Koboko na miji mingine mingi ya Afrika ya Mashariki.

Nchi yenyewe ilipita mikononi mwa wengi. Mwaka 1894 Waingereza waliikodisha sehemu hiyo, iliyoitwa Lado, kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki mwaka 1909 muda wake ukaisha, na mwaka 1910 Lado ikawekwa chini ya Sudani. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ilitiwa katika Uganda, na mwaka huo huo kituo cha serikali kikafunguliwa Arua chini ya Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza. Katika miaka hiyo ya kupokezana, wawindaji wa pembe za ndovu walivamia kutoka pande zote. Wenyeji wakazizoea bunduki kabla ya kuzizoea shule.

Kisha ikaja kazi ya askari. Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilichukua vijana wengi wa West Nile, na Kiswahili kilikuwa lugha ya amri ndani yake. Wengine walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa na pamba ya Buganda na Busoga, wakajifunza Kiswahili cha kambi za vibarua. Lakini Kiswahili chenye heshima, kile ambacho kijana alirudi nacho nyumbani akajivunia mbele ya wenzake, kilikuwa cha jeshi. Askari alifundishwa majina ya vifaa vyake: bunduki, risasi, mzinga. Hapana sajini aliyewatoa askari wake nje kuwaonyesha mzinga wa nyuki.

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Idi Amin, mtu wa ukoo wa Koboko, aliyeingia jeshini mwaka 1946. Alipokuwa rais alitangaza, mwaka 1973, kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya taifa ya Uganda. Tangazo hilo halikufuatiwa na walimu wala vitabu vya kutosha. Kwa Waganda wengi wa kusini, Kiswahili kiliendelea kuwa sauti ya mwenye bunduki mlangoni usiku. Watu wa West Nile hawakukichukia hivyo, kwa maana watoto na kaka zao ndio waliokisema. Lakini hata kwao kilivaa magwanda.

Miaka ya kukimbia

Mwaka 1979 mizinga yenyewe ilifika. Majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili, na mapema mwezi wa Juni yalikuwa yamefika mipaka ya kaskazini-magharibi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka kutoka Sudani wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali lilipojibu, halikuchagua kati ya askari na raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humo humo. Mamia ya maelfu ya wakazi wa West Nile walivuka mpaka kuingia Zaire na Sudani.

Mtu anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na mkeka. Mbuzi anaweza kuswagwa, kuku anaweza kufungwa miguu. Mzinga wenye nyuki haubebeki kichwani. Uliachwa juu ya mti. Lakini hapa ndipo tunapoiona tofauti ya kiumbe asiyefugika. Ng'ombe aliyeachwa huibwa au hufa. Shamba lililoachwa humezwa na magugu. Nyuki hawamhitaji mwenye nyumba ili waishi. Wakipona moto na wezi, waliendelea na shughuli zao katika vijiji visivyo na watu, wakichuma maua ya miti isiyopaliliwa na mtu.

Wakimbizi walianza kurejea kwa wingi katikati ya miaka ya 1980. Wengi walirudi na Kiswahili cha Kongo, na wengine na Kiarabu cha Juba. Kwa hiyo Kiswahili cha Arua ya leo ni mkutano wa mito mingi: cha jeshi, cha Wanubi, cha wafanyabiashara wa mpakani, na cha vitabu vyetu. Katika mito yote hiyo, mzinga wa vita ulielea juu, na mzinga wa nyuki ulizama.

Mizinga ya sasa

Kazi yenyewe haikuzama. West Nile inahesabiwa miongoni mwa sehemu za Uganda zinazosifika kwa asali, na vikundi vya wafugaji wa nyuki vipo Arua, Koboko na wilaya jirani. Pamoja na magogo na matenga ya asili, siku hizi hutumika mizinga ya mbao ya namna mbili. Ya kwanza ilitokana na Langstroth, mchungaji wa Marekani, aliyetambua mwaka 1851 kwamba nyuki huacha wazi nafasi ndogo ya milimita chache wapite, wala hawaizibi. Ndipo akatengeneza sanduku lenye viunzi vinavyochomoleka. Ya pili ilibuniwa Kenya katika miaka ya 1970: ni sanduku lenye vijiti juu, na nyuki huning'iniza sega moja kwa kila kijiti. Faida ya zote mbili ni kwamba mrinaji huweza kuangalia sega moja moja bila kuvuruga nyumba nzima.

Hata hivyo nyumba bora haimfai nyuki asiye na maua. Zao la tumbaku lilihitaji kuni nyingi za kukaushia, na miti mikubwa ilikatwa. Tena wakimbizi kutoka Sudan Kusini na Kongo wamepokewa kwa wingi katika nchi ile, kwa mfano Rhino Camp, Lobule ya Koboko, na Bidi Bidi iliyofunguliwa mwaka 2016. Nao, kama wenyeji wao, hupikia kuni. Hatuwalaumu. Wazazi wetu walipokimbia walikata miti ya wengine vivyo hivyo. Lakini anayetundika mzinga leo lazima aufikirie mti kwanza, jambo ambalo babu yake hakulihitaji.

Hitimisho

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo watoto wengi zaidi watafundishwa neno hili, na mwalimu ndiye atakayeamua wanalipokea kwa mlango upi.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu ni mfupi. Kwanza, tusianzie kitabuni. Tuwaombe wanafunzi waeleze, kwa Kiswahili walicho nacho, jinsi babu anavyotengeneza nyumba ya nyuki au anavyofunika kichuguu. Kisha tuwape maneno: mzinga, sega, nta, kurina, nyegere, kumbikumbi. Pili, tusiifiche maana ya vita. Watoto wa Koboko wana haki ya kujua kwamba neno hili lina historia, na kwamba historia hiyo imepita mlangoni kwao. Tatu, tuwe waangalifu na wino mwekundu. "Nyumba ya nyuki" haikuwa kosa. Ilikuwa tafsiri sahihi ya kitu ambacho mtoto alikijua kikamilifu, na aliyekosa ni mimi, niliyemsahihisha kabla ya kumwuliza.

Juma lililofuata nilimwomba mwanafunzi yule awaeleze wenzake kazi ya babu yake. Alisimama mbele ya darasa karibu kipindi kizima, akachora ubaoni gogo, mlango mdogo na tawi la mti. Alipomaliza aliandika chini ya picha yake, bila kuambiwa na mtu: "Mzinga wa babu."